Uzito wa mja mzito: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na kina mama wa Lamu

Majibu haya ni ya mja mzito mwenye mtoto mmoja tumboni na afya ya kawaida. Mwenye presha, sukari, maradhi ya moyo, au aliyeambiwa kondo la nyuma limekaa chini, apange chakula na mazoezi yake na wahudumu wa kliniki kwanza.

Niongeze kilo ngapi mpaka nijifungue?

Hutegemea ulikuwaje kabla ya kushika mimba. Chukua uzito wako wa wakati huo kwa kilo, ugawe kwa urefu wako kwa mita, kisha jibu uligawe tena kwa urefu uleule. Utakachopata ndicho kinachoitwa BMI. Mama wa kilo 58 mwenye urefu wa mita 1.56 anapata 23.8. Wa kilo 72 mwenye mita 1.60 anapata 28.1.

Viwango vinavyotumiwa sana ni vya Taasisi ya Tiba ya Marekani, vya mwaka 2009:

- BMI chini ya 18.5: ongeza kilo 12.5 hadi 18
- 18.5 hadi 24.9: kilo 11.5 hadi 16
- 25 hadi 29.9: kilo 7 hadi 11.5
- 30 na zaidi: kilo 5 hadi 9

Kwa hivyo yule wa kwanza akimaliza na kilo 70 hadi 74 yuko sawa, na wa pili hatakiwi kuvuka kilo 83 na nusu. Wengi hushangaa kuona mwembamba ndiye anayepewa nafasi kubwa zaidi. Yeye hana akiba ya mwili. Mwenzake anayo tayari.

Lakini hiyo jumla haikusaidii sana ukiwa mwezi wa tano. Kinachofaa kutazamwa ni mwendo. Miezi mitatu ya mwanzo, nusu kilo hadi kilo 2 kwa jumla inatosha. Baada ya hapo mwembamba aongeze kama nusu kilo kwa wiki, mwenye uzito wa kawaida kilo 0.4, mnene kiasi kilo 0.3, na mnene zaidi kilo 0.2. Kwa mwenye uzito wa kawaida hiyo ni kilo moja na nusu na kitu kwa mwezi. Akipanda kilo 4 mwezi mmoja halafu sifuri mwezi unaofuata, hesabu ya mwisho inaweza kutoka nzuri na bado kuna jambo la kuulizia.

Nilianza kliniki mimba ikiwa na miezi minne. Uzito wa kabla siujui.

Tumia ule wa siku ya kwanza kliniki na utoe kilo 1 hadi 2, kama hukutapika sana. Ni makisio, ila yanatosha kukuweka kwenye kundi. Wahudumu wanaweza pia kukupima mkono wa juu kwa mkanda, kwa sababu mzingo wa mkono haubadiliki sana kwa mimba. Programu za lishe huweka mpaka wa unyonge kati ya sentimita 21 na 23. Ukiwa chini ya hapo, ulizia chakula cha nyongeza.

Nikijipima nyumbani napata namba moja, kliniki nyingine. Niamini ipi?

Amini mzani mmoja. Tofauti ya kilo 1 au 2 kati ya mizani ni kitu cha kila siku, na haina maana yoyote mradi hukuchanganya namba za mizani miwili kwenye orodha moja.

Mzani wa nyumbani huharibiwa na sakafu. Ukiuweka juu ya mkeka au zulia husoma uongo, na sakafu za chokaa za nyumba za kale mara nyingi zina mwinamo usiouona kwa jicho. Tafuta mahali pagumu palipo sawa, weka alama, uuweke hapohapo kila mara. Jipime mara moja kwa wiki, siku ileile, asubuhi baada ya kukojoa na kabla ya chai, umevaa leso tu. Buibui, mtandio, viatu na bangili vikijumlishwa vinaweza kuzidi kilo moja, yaani ongezeko la wiki mbili nzima. Usijipime kila siku. Maji na choo peke yake hupandisha na kushusha kilo moja, na utajitia wasiwasi bure.

Mtoto mwenyewe ana kilo 3. Hizo nyingine ni mafuta tu?

Si mafuta tu. Mtoto kilo 3 hadi 3.5, kondo la nyuma karibu 0.7, maji ya chupa ya uzazi kati ya 0.8 na 1, mfuko wa uzazi uliotanuka karibu 1, matiti karibu nusu kilo, damu iliyoongezeka 1.2 hadi 1.5, maji mengine mwilini kama 1.5. Yanayobaki, kilo 3 hivi, ndiyo mafuta, nayo yana kazi: ndiyo akiba ya kunyonyeshea.

Mamavyaa anasema nile kwa ajili ya watu wawili.

Ni maneno ya mapenzi, na kukatalia sahani mbele ya mamavyaa si jambo dogo. Lakini hesabu yenyewe ni hii. Miezi mitatu ya kwanza mwili hauhitaji kalori za ziada. Miezi mitatu ya kati unahitaji kama 340 zaidi kwa siku, na ya mwisho kama 450. Kalori 340 ni kikombe cha maziwa, ndizi moja na yai la kuchemsha. Basi. Sahani ya pili ya pilau inapita hapo kwa mbali.

Kinachopanda kweli ni haja ya madini na protini. Haja ya chuma huongezeka karibu kwa nusu, na protini hufika kama gramu 70 kwa siku. Ukitaka kumridhisha mamavyaa, mwombe akuongezee samaki na mchicha, wali abaki nao.

Je, niache wali wa nazi, mahamri na mbaazi?

Hapana. Mbaazi ziongeze. Hayo mengine yanahitaji kupimwa, na ni vizuri kujua uzito unapoingilia, kwa sababu mara nyingi mtu hulaumu kitu kisicho na kosa.

Anza na nazi. Nyama ya nazi moja kubwa ina mafuta takriban gramu 100. Mpishi akitia nazi mbili kwa wali wa watu watano, na theluthi mbili tu ya mafuta hayo ikapita kwenye kifumbu na kuingia chunguni, kila mmoja anapata kama gramu 26 za mafuta, yaani kalori 240 kabla ya kuhesabu mchele. Siku hiyohiyo samaki akiwa wa kupaka na mboga ya mchicha nayo ikatiwa tui, umekula nazi mara tatu kwa mlo mmoja. Wali hauna kosa peke yake. Kosa ni tui kujirudia kwenye kila chungu.

Namna ya kupunguza bila kuharibu ladha: kamua tui la kwanza uliweke kando. Pika wali kwa tui la pili na la tatu, na maji yakikaribia kukauka mimina nusu kikombe cha lile zito juu, koroga mara moja, funika, palia makaa. Harufu na mng'ao vinatoka kwenye hilo la mwisho. Kisha mlo wenye wali wa nazi, mtuzi uwe wa ukwaju au wa nyanya. Mlo wenye samaki wa kupaka, wali uwe mweupe.

Mahamri ni hesabu nyingine. Hamri moja la wastani lina kama kalori 200, kwa unga, sukari, tui na mafuta liliyoyanywa kaangoni. Manne asubuhi ni 800. Mafuta yasipopata moto vizuri hamri hunywa zaidi. Ukilikamua kwenye karatasi likaacha doa kubwa, hilo halikuwekwa kwenye mafuta ya moto. Kula mawili na bakuli kamili la mbaazi, badala ya manne na mbaazi za kuonja. Kikombe cha mbaazi zilizoiva kina protini kama gramu 11 na nyuzinyuzi zinazokushikilia mpaka adhuhuri, na tumbo halitafunga. Siku nyingine badili, kula mkate wa mofa. Haukaangwi.

Sasa sinia. Ukila na wenzako kwenye sinia moja huwezi kujua umekula kiasi gani, na mwenye njaa ya mimba hula haraka kuliko wote. Hakuna haja ya kujitenga. Chota sehemu yako kwenye sahani kwanza: wali kikombe kimoja hadi kimoja na nusu, samaki au kuku ukubwa wa kiganja, na mboga zijae nusu ya sahani. Kachumbari inahesabika, achari haihesabiki. Kisha kaa nao.

Protini gramu 70 nitazipata wapi kwa bei ya sokoni?

Kipande cha samaki cha gramu 120 kina kama gramu 25. Mayai mawili 12, kikombe cha mbaazi au kunde 11, vikombe viwili vya maziwa 16. Hapo una 64, na mchele, mkate na mboga vitajaza kilichobaki. Siku samaki amepanda bei, dagaa na kunde pamoja vinashika nafasi yake vizuri. Dagaa huliwa na mifupa yake, kwa hivyo unapata na kalisi. Maziwa yanayoletwa kutoka bara bila kusindikwa yachemshe mpaka yafure, hata kama muuzaji ameapa.

Samaki gani nile, na gani niache?

Kadiri samaki alivyo mkubwa na anayekula wenzake ndivyo zebaki inavyojilimbikiza mwilini mwake, na zebaki hudhuru ubongo wa mtoto unaoumbika. Papa na nduwaro waache mpaka ujifungue. Jodari na nguru wakubwa wawe wa mara mojamoja. Tafi, changu, vibua na dagaa ndio wa kutegemea. Mwongozo wa Marekani huweka kiasi cha gramu 225 hadi 340 kwa wiki za samaki wenye zebaki kidogo. Hapa wengi hula zaidi ya hapo, kwa hivyo anayekula samaki karibu kila siku achague wadogo na abadilishane na mayai, kuku na kunde. Pweza na kamba hawana shida wakiiva kabisa.

Ng'onda na samaki wa chumvi waroweke na kubadili maji mara mbili. Chumvi nyingi si nzuri kwa mwenye presha iliyoanza kupanda, na maji inayoyashika mwilini hukuvuruga hata mzani.

Nakula kidogo sana lakini uzito unapanda. Kwa nini?

Tazama unachokunywa. Chai ya maziwa yenye vijiko vitatu vya sukari, mara nne kwa siku, ni vijiko 12, karibu kalori 200, na hiyo ni sukari peke yake. Soda ya mililita 300 ina sukari zaidi ya gramu 30. Juisi ya embe au ya mabungo iliyotiwa sukari hukaribia hapo, na nyumbani hunywewa kwa jagi. Halafu kaimati na visheti vya alasiri, ambavyo hakuna anayevihesabu kuwa chakula.

Punguza kijiko kimoja cha sukari kila wiki. Ulimi huzoea ndani ya siku chache. Tunda lile kwa kulitafuna. Dafu moja kwa siku ni sawa, lina sukari lakini si nyingi. Kiu ya kawaida imalizwe kwa maji, glasi 8 hadi 10, na zaidi msimu wa kaskazi. Kahawa vikombe vidogo viwili havidhuru; nyingi zaidi ya hapo acha.

Natapika kila kitu na nimepungua kilo mbili. Mtoto anaumia?

Kupungua kidogo miezi mitatu ya kwanza huwapata wengi na mtoto bado ni mdogo mno kuhitaji kingi. Kula kabla hujainuka kitandani: kipande cha mkate mkavu, kisha usubiri dakika 15. Kula kidogo kila saa mbili au tatu, kwani tumbo tupu huzidisha kichefuchefu. Chakula kilichopoa hakina harufu kali. Tangawizi husaidia wengi, na maji yanywe kati ya milo, si pamoja nayo. Ukipungua zaidi ya asilimia 5 ya uzito wako (kwa wa kilo 60 ni kilo 3), au mkojo ukawa mweusi na haba, au ukashindwa kushika hata maji kwa siku nzima, nenda hospitali. Hapo unahitaji maji ya mshipa, si ushauri wa chakula.

Naambiwa nile kidogo mwezi wa nane na wa tisa ili mtoto asiwe mkubwa.

Usifanye hivyo. Mtoto akinyimwa chakula wiki hizo hazaliwi mwepesi wa kutoka tu, huzaliwa dhaifu. Chini ya kilo 2.5 anapoteza joto upesi, ananyonya kwa shida na anaugua kirahisi. Kinachomfanya mtoto avuke kilo 4 mara nyingi ni sukari ya damu ya mama iliyo juu, au uzito uliopanda kupita kiasi tangu mapema, na hilo hushughulikiwa kwa kupima sukari. Halishughulikiwi kwa njaa ya mwisho.

Nimeshapita kiwango na bado miezi mitatu. Nipunguze?

Hapana, usijaribu kupungua. Rudisha mwendo tu, na kilo zilizokwisha kuingia ziache. Toa vinywaji vitamu kwanza, kisha vilivyokaangwa, kisha punguza wali kwa robo. Samaki, mayai, maziwa, mboga na kunde visiguswe. Wiki mbili au tatu zinatosha kuona mzani umetulia. Msimu wa harusi ukikukuta, kula biriani ya watu, rudi kwenye utaratibu kesho yake.

Mazoezi gani yanafaa, na kwa kiasi gani?

Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau dakika 150 kwa wiki za mazoezi ya wastani. Gawa dakika 30 kwa siku tano. Kipimo ni pumzi: uweze kuzungumza sentensi nzima, usiweze kuimba. Ukishindwa kuzungumza, punguza mwendo.

Kutembea ndiko kunakofaa wengi, na Amu (mji wa Lamu) ni mji wa miguu. Ila kuzungukazunguka vichochoroni kwa kusimama kila mlango kusalimia hakuhesabiki. Njia ya ufukoni kutoka mjini hadi Shela ni kama kilomita 3, dakika 45 kwa mwendo wa kawaida. Usianze kwa kwenda yote. Wiki ya kwanza dakika 10 kwa siku, ongeza 5 kila wiki mpaka ufike 30. Angalia maji kabla ya kutoka: bamvua likijaa, sehemu ya njia karibu na Shela hufunikwa na utabaki kuruka mawe, jambo ambalo mja mzito hana haja nalo. Toka baada ya sala ya alfajiri au baada ya alasiri jua likipoa. Joto likikuzidi, miezi mitatu ya kwanza hasa, ni hatari kwa mtoto. Vaa viatu vilivyoshika kisigino. Ndala huteleza, na viungo vyako vimelegea kwa homoni za mimba.

Na punda akija na mzigo, egemea ukutani ukimpa ubavu, si tumbo, apite.

Kuogelea ni bora zaidi kuliko kutembea kwa mwenye maumivu ya mgongo, kwa sababu maji hubeba uzito. Nenda na mwenzako, mahali pa maji matulivu.

Nyumbani, mara mbili au tatu kwa wiki, ongeza haya. Kaa kwenye kiti kigumu, inuka bila kushika, kaa tena polepole kwa hesabu ya tatu. Mara 10, pumzika, rudia. Simama hatua moja mbele ya ukuta, weka viganja usawa wa mabega, kunja viwiko hadi pua ikaribie ukuta, sukuma urudi. Mara 10, rudia. Kisha piga magoti na mikono sakafuni, uinue mgongo juu kama paka anayejinyoosha, urudishe uwe sawa bila kuuacha udidimie, mara 8. Hili la mwisho husaidia kupunguza maumivu ya kiuno ya jioni.

Misuli ya chini nayo isisahauliwe. Kaza kama unayezuia mkojo na upepo kwa pamoja, shika sekunde 5 hadi 8, legeza muda huohuo, mara 8 hadi 10, mara tatu kwa siku. Kosa la kawaida ni kukaza makalio na mapaja, au kuzuia pumzi. Ukiweza kuzungumza huku umekaza, umepatia. Usizoee kuifanya wakati wa kukojoa. Misuli hii ndiyo itakayozuia mkojo kukuponyoka ukikohoa baada ya kuzaa.

Ukishapita miezi minne au mitano, usifanye zoezi la kulala chali. Mfuko wa uzazi hukandamiza mshipa mkubwa wa damu na utaona kizunguzungu.

Kupanda ngazi za nyumba na kuchota maji si mazoezi tosha?

Ni kazi, na inahesabika kidogo. Ngazi za nyumba za Amu ni nyembamba na zenye vipandio vya juu. Kupanda hakuna shida kwa asiyeishiwa na pumzi. Hatari ni kushuka, kwa sababu tumbo limesogeza mizani ya mwili mbele na huoni miguu yako. Shuka ukishika ukuta, na mkono mwingine uwe mtupu. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20. Gawa mara mbili au mwachie mwingine. Kupanda punda acha, si kwa sababu ya mtikiso, ni kwa sababu ya kuanguka. Kwenye boti ya mwendo kasi kaa nyuma, mbele ndiko kunakopiga mawimbi.

Ni wakati gani mazoezi yakome?

Acha palepale na utafute huduma ukitokwa na damu au maji ukeni, maumivu ya tumbo yanayokuja na kuondoka kwa mpangilio, kizunguzungu, maumivu ya kifua, kichwa kikali, kukosa pumzi kabla hujaanza zoezi, au shavu la mguu mmoja kuvimba na kuuma. Asianze kabisa mwenye kifafa cha mimba au presha ya mimba iliyo juu, mlango wa uzazi ulio dhaifu, damu inayotoka mara kwa mara, kondo la nyuma lililo chini baada ya wiki 26, au upungufu mkubwa wa damu.

Ramadhani je?

Mja mzito anayehofia nafsi yake au mtoto ana ruhusa ya kufungua na kulipa baadaye. Kama kuna fidia juu yake, muulize shekhe. Mwenye sukari, upungufu wa damu, mapacha au uzito usiopanda asifunge.

Aliye mzima akiamua kufunga, asikose daku, na daku isiwe chai na mkate tu. Mbaazi, yai, ndizi na maji glasi mbili vinakaa tumboni. Futari aanze kwa tende tatu na maji, asali sala ya magharibi, kisha ale. Anayejaza sahani ya viazi karai, sambusa na vitobosha kabla magharibi haijatulia ndiye anayemaliza mwezi akiwa ameongeza kilo tatu huku akiamini amefunga kula. Mtoto akipunguza kucheza, au usipokojoa tangu asubuhi, au kichwa kikizunguka, fungua wakati huohuo.

Nimepanda zaidi ya kilo moja kwa wiki na sijabadilisha chakula.

Mimba ikiwa imepita wiki 20, hilo halingoji miadi. Ongezeko la ghafla namna hiyo mara nyingi ni maji, na maji hayo yaweza kuwa dalili ya kifafa cha mimba kinachoanza. Presha ya 140/90 au zaidi, uso na mikono kuvimba, pete kubana, kichwa kisichosikia dawa, kiwi machoni, au maumivu chini ya mbavu upande wa kulia: nenda siku hiyohiyo ukapimwe presha na mkojo. Aliye Faza, Kizingitini au Siyu ahesabu na safari ya boti, asingoje dalili ya pili. Miguu kuvimba jioni peke yake, presha ikiwa sawa, ni kawaida.

Nitajuaje kama nina sukari ya mimba?

Huwezi kujua kwa kuhisi. Kipimo hufanywa wiki ya 24 hadi 28: unanywa gramu 75 za glukosi ukiwa hujala, na damu hupimwa mara tatu. Majibu (kwa mmol/L) ya 5.1 kabla ya kunywa, 10.0 baada ya saa moja, au 8.5 baada ya saa mbili, moja tu kati ya hayo likifikiwa, ni sukari ya mimba. Wengi huidhibiti kwa chakula na kutembea dakika 10 hadi 15 baada ya kila mlo, bila dawa.

Vidonge vya damu vinanifunga choo, na chai ninapenda. Na udongo ninautamani.

Kidonge cha chuma na folic acid kinachotolewa kliniki kina chuma miligramu 60. Kimeze mbali na chai, angalau saa moja kabla au mbili baada, kwa sababu chai huzuia chuma kuingia mwilini. Maji ya ndimu au embe hukisaidia. Choo kigumu hutulizwa na mbaazi, papai, maji na kutembea. Kinyesi kuwa cheusi ni kawaida. Hamu ya udongo au mawe ya kula mara nyingi hufuatana na damu kuwa ndogo, na huo udongo huzidi kuizuia chuma, ukaleta na minyoo. Pima damu.

Mapacha?

Aliyekuwa na uzito wa kawaida kilo 17 hadi 25, mnene kiasi 14 hadi 23, mnene zaidi 11 hadi 19.

Baada ya kuzaa uzito utaondoka lini? Mkaja unasaidia?

Kilo 5 hadi 6 huondoka siku ya kujifungua, na maji mengine hutoka wiki mbili zinazofuata. Zilizobaki zipe miezi sita hadi mwaka. Anayenyonyesha hutumia kama kalori 500 kwa siku, kwa hivyo arubaini si wakati wa kujinyima. Mkaja hushikilia mgongo na tumbo na wengi huona raha wakiufunga, lakini hauyeyushi mafuta. Usikazwe mpaka pumzi iwe fupi, na aliyepasuliwa asiufunge juu ya mshono kabla ya kuruhusiwa. Kutembea kidogo kunaweza kuanza siku chache baada ya uzazi wa kawaida. Misuli ya chini, kuanzia siku ya pili.